Kijito Kipimwe Kabla ya Kalavati

Wilaya ya Kyela imekaa chini ya mteremko mkali. Kaskazini kuna Mlima Rungwe, wenye urefu wa karibu mita 2,960 kutoka usawa wa bahari. Mashariki imesimama safu ya milima ya Livingstone. Kusini, kwenye mita 475 hivi, linaanza Ziwa Nyasa, ambalo majirani zetu wa ng'ambo wanaliita Ziwa Malawi. Kutoka kilele cha Rungwe hadi ufukoni hazifiki kilomita 60, na katika umbali huo mdogo maji hushuka zaidi ya mita 2,400. Mvua ya Kyela nayo si ya mchezo: inazidi milimita 2,000 kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya inayoipata Dodoma, na sehemu kubwa yake huanguka kati ya Machi na Mei. Mito minne mikubwa, Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, ndiyo iliyolijenga bonde lenyewe kwa tope na mchanga wa milimani, na ndiyo inayoufanya mpunga na kakao ya Kyela vistawi. Mito hiyo ina madaraja, na daraja likitikisika habari hufika mkoani siku hiyohiyo. Lakini kati ya mto na mto barabara hukatiza vijito vingi ambavyo ramani haiviandiki hata majina, na kila kijito hupita chini ya tuta la barabara ndani ya kalavati ambalo hakuna anayelitazama mpaka siku linapozolewa na maji.

Kalavati huzeeka taratibu, na kwa kawaida uzee wake huanzia mahali macho ya dereva hayafiki. Viungio vya mabomba ya zege hufunguka kidogo, maji yakapenya na kuanza kuchota udongo wa tuta kutoka ndani. Barabara juu inaonekana nzima huku chini kumekwisha kuwa na pango. Bomba la bati huoza sakafu kwanza, kwa sababu huko ndiko mchanga na kokoto husugua mwaka mzima. Upande wa kutokea, maji yaliyobanwa hutoka kwa kasi na kuchimba shimo, shimo linakula msingi wa ukuta, ukuta unapasuka. Halafu yanakuja magogo na migomba iliyong'olewa huko juu Rungwe, yanaziba mdomo, maji yanapanda tuta, na usiku mmoja barabara inakatika. Baada ya hapo hutokea jambo ambalo ndilo ninalolipinga katika makala haya: bomba lililovunjika linaondolewa, linaletwa jipya la kipenyo kilekile, linafukiwa, na kazi inahesabika kuwa imekwisha. Kilichopimwa ni bomba la zamani. Kijito chenyewe hakikupimwa. Hoja yangu ni kwamba kalavati linalopisha kijito kwa upana wake halisi ni bora kwa barabara na kwa samaki kwa pamoja, na kwamba wakati wa kulijenga hivyo ni pale la zamani linapong'olewa, kwa sababu fursa ya namna hiyo hairudi mapema.

Hesabu yenyewe haihitaji chuo kikuu. Tuseme kijito kikijaa kina upana wa mita 4 na kina cha mita 1; nafasi ya kupitia maji ni mita za mraba 4. Ukikiwekea mabomba mawili ya kipenyo cha sentimita 90, nafasi yote inayobaki ni mita za mraba 1.27, yaani chini ya theluthi moja. Maji yaliyokosa nafasi hayatoweki. Mengine hurundikana juu ya barabara na kuzamisha mashamba ya mpunga, mengine hulazimika kupita kwenye tundu hilo kwa kasi iliyozidi ile ya asili mara kadhaa, na kasi hiyo ndiyo inayochimba shimo upande wa pili. Upana wa bomba una siri nyingine inayosahaulika kwenye makadirio ya gharama. Bomba la sentimita 120 halipitishi mara mbili tu ya maji yanayopita katika bomba la sentimita 60 kwenye mteremko uleule. Hupitisha zaidi ya mara sita, kwa kuwa eneo la tundu linaongezeka mara nne na msuguano wa kuta nao unapungua. Kwa hiyo fedha kidogo inayoongezwa kwenye upana hununua usalama mwingi, na fedha kidogo inayobanwa hununua hatari nyingi. Wahandisi wetu wanalijua hili vizuri. Kinachowashinda mara nyingi ni fungu la matengenezo ya dharura linalotaka barabara ifunguke wiki hiyohiyo.

Sasa samaki. Ziwa Nyasa linasifika duniani kwa wingi wa aina za samaki, mamia kwa mamia, wengi wao wasiopatikana katika ziwa lingine lolote. Novemba 2018 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilitangaza kwamba kati ya aina 458 za ziwa hili lilizozikagua, asilimia 9 zilikuwa katika hatari kubwa ya kutoweka, na kwamba kati ya aina nne za chambo, tatu zilikuwa katika daraja la juu kabisa la hatari. Chambo ni samaki wa ziwani, kalavati halimhusu sana. Wanaohusika hapa ni wale wanaoishi ziwani na kuzalia mitoni, na wa kwanza kati yao ni mbasa. Kila aliyekula wali wa Kyela kwa mbasa anamjua kwa mdomo. Wanasayansi wanamwita Opsaridium microlepis. Ni samaki mrefu, mwenye rangi ya fedha, anayeweza kufikia kilo kadhaa, na hana makao mengine duniani nje ya ziwa hili na mito inayoingia humo. Wakati wa kuzaa hupanda mito kuyafuata maji yanayokwenda mbio juu ya changarawe safi, akataga mayai yake hapo. IUCN iliwahi kumworodhesha miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka. Yuko na mwenzake, Labeo mesops, ambaye Malawi humwita ntchila: katikati ya karne iliyopita alivuliwa huko kwa wingi wa ajabu alipokuwa akipanda mito iliyofurika, na leo ni adimu. Kambale naye, ingawa hayumo hatarini, huingia kwenye majani yaliyofurika kutaga mayai mvua za kwanza zinapoanza, na njia yake aghalabu ni kijito kilekile kinachopita chini ya barabara.

Mtu anayefahamu mito hii atanikatiza hapa: mbasa hupanda Kiwira na Lufilyo, mito yenye madaraja, hapandi kijito cha upana wa mita 2. Ni kweli kwa kiasi kikubwa, na haifai kumtumia samaki maarufu kutetea jambo asilohusika nalo. Lakini anahusika kwa njia nyingine. Mayai yake hulala katikati ya changarawe na huhitaji maji yanayopenya kati ya kokoto moja na nyingine. Tope laini likitanda juu, mayai hukosa hewa na kufa. Kalavati jembamba linapolipuka, tuta zima la barabara, udongo na moramu, huingia kijitoni kwa saa chache na kushushwa hadi kwenye mto mkubwa ambako mbasa ametaga au anakaribia kutaga. Hata lisipolipuka, shimo linalochimbwa upande wa kutokea na kingo zinazobomoka hutoa tope kila masika. Mchanga huo hauwasumbui samaki peke yao. Bandari ya Itungi imeteswa kwa miaka mingi na mchanga unaopunguza kina cha maji, na haifai kudhani kwamba wote unatoka kwenye mashamba ya milimani huku barabara zikiwa hazina sehemu yao katika lawama.

Kwa samaki wadogo wanaopanda vijito, na kwa kambale, kikwazo ni cha wazi zaidi. Baada ya miaka kadhaa ya maji kuchimba, mdomo wa kutokea hubaki ukining'inia juu ya shimo, na samaki asiyeweza kuruka hukomea hapo. Anayeruka hukuta ndani ya bomba laini maji yanayokimbia bila jiwe la kujikinga wala kona ya kupumzika, mita 8 au 10 za kuogelea mfululizo. Kiangazi mambo hugeuka: maji hutandazika juu ya sakafu pana ya zege kwa kina kisichofunika hata mgongo wa samaki. Na samaki waliokwama kwenye shimo chini ya kalavati ni mawindo rahisi kuliko yote, kwani mtego mmoja au neti moja ya mbu huwamaliza. Wanaosema kwamba adui wa samaki wa Nyasa ni neti wala si barabara wamesema kweli kuhusu ukubwa wa tatizo. Uvuvi wa kupita kiasi, hasa wa kuziba midomo ya mito wakati samaki wanapanda, ndiyo sababu kubwa zaidi, na hakuna kalavati litakaloiponya. Ila kalavati linaloning'inia humfanyia mvuvi haramu kazi ya kuwakusanya samaki, na samaki aliyeponyoka nyavu ufukoni hana faida kwa kizazi kijacho kama safari yake inakatizwa na ukuta wa zege.

Tiba yake inafahamika, na mfano mmoja wameuona watalii na wanafunzi wengi waliofika Tukuyu. Juu ya Mto Kiwira lipo Daraja la Mungu, tao la mwamba lililotokana na lava ya volkano, ambapo mtu huvuka juu na mto hupita chini ukiwa na sakafu yake yote ya mawe. Mhandisi anayetaka kumridhisha samaki hana la kufanya zaidi ya hilo: avushe gari juu na aiache sakafu ya kijito jinsi ilivyo. TARURA, wakala uliokabidhiwa barabara za vijijini na mijini tangu 2017, wana teknolojia hiyohiyo mkononi. Wamejenga madaraja ya tao la mawe katika mikoa kadhaa, Kigoma ikiwa miongoni mwa iliyotangulia, na wenyewe wanayasifu kwa kupunguza gharama sana ukilinganisha na zege na nondo, kwa kuwa mawe hupatikana jirani na mafundi ni wa palepale. Sifa ambayo haitajwi sana ni kwamba tao halina sakafu. Misingi yake hukaa kingoni, kijito kinabaki na changarawe yake, na samaki hajui kama amepita chini ya barabara. Kwa vijito vinavyoshuka kutoka Rungwe, kwenye mawe ya volkano na ardhi imara, sioni sababu ya kuagiza mabomba ya zege kutoka mbali.

Bondeni hali ni tofauti, na hapa wapenda mazingira hupenda kuruka hatua. Ardhi ya Kyela karibu na ziwa ni tope na mchanga ulioletwa na mito. Ukichimba msingi hufiki kwenye mwamba. Tao la mawe linataka misingi isiyosogea, na likititia upande mmoja linapasuka. Huko jibu ni boksi kalavati pana, linalozidi upana wa kijito kikiwa kimejaa, na lililozamishwa: sakafu yake ya zege inalazwa chini ya usawa wa kitanda cha kijito, kisha inajazwa kokoto na mchanga wa hapohapo mpaka maji yapite juu ya changarawe kama kawaida. Sakafu ikikaa chini hivyo mdomo hauning'inii, na maji hayapati pa kuanzia kuchimba. Boksi la namna hii hutaka zege nyingi kuliko bomba, na anayelipendekeza asijifanye kwamba ni la bei ileile.

Kwa hiyo tuizungumze bei. Barabara za wilaya hutegemea sana Mfuko wa Barabara, na mwaka 2021 serikali iliongeza tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya mafuta ili kuipa TARURA nguvu zaidi. Hata hivyo mahitaji yanazidi makusanyo, na diwani anayeambiwa achague kati ya kalavati moja pana na mawili membamba atachagua mawili, maana ana vijiji viwili vinavyolia. Simlaumu, ila hesabu yake inaishia siku ya ufunguzi. Kalavati jembamba lililojengwa mara mbili ndani ya miaka 20 limelipiwa mara mbili, na juu yake kuna tuta lililojazwa upya, kakao iliyochelewa kufika mnadani, na mgonjwa aliyezungushwa njia ndefu kwenda hospitali. Marekani wamejifunza hili kwa gharama kubwa. Katika jimbo la Washington makabila ya wenyeji yalifungua kesi mwaka 2001 yakidai kwamba makalavati ya barabara za jimbo yanawazuia samoni kupanda mito, na hivyo yanavunja haki ya uvuvi waliyoahidiwa kwa mikataba ya karne ya 19. Mwaka 2013 mahakama iliamuru makalavati hayo yabadilishwe. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iligawanyika kura nne kwa nne, amri ikabaki palepale, na jimbo likajikuta likitumia mabilioni ya dola kung'oa vitu ambavyo vingejengwa sawasawa tangu mwanzo. Jimbo la Vermont lilipata somo la upande wa pili. Dhoruba Irene ilipopiga Agosti 2011, makalavati machache ya Msitu wa Taifa wa Green Mountain yaliyokuwa yamejengwa upya kwa upana wa kijito, kwa ajili ya samaki, yalisimama, huku mengi ya kawaida katika eneo hilohilo yakizolewa. Aliyefadhili upana kwa ajili ya samaki alikuta ameiokoa barabara.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu kuliko la bei. Kalavati jembamba, kwa ubaya wake wote, huyazuia maji kwa muda, na aliye chini ya barabara hupata mafuriko pungufu kuliko aliye juu. Ukilipanua, maji yanamfikia jirani wa chini upesi zaidi. Katika bonde kama la Kyela, ambako nyumba na mpunga viko usawa mmoja na mto, jambo hilo linaweza kuleta ugomvi wa kweli. Jibu langu ni kwamba bwawa lisilopangwa halimlindi mtu: huyashika maji mpaka tuta likatike, kisha huyaachilia yote kwa mkupuo, na udongo juu yake. Hata hivyo pingamizi hili linadai kwamba kalavati lisipangwe peke yake. Vivuko vya kijito kimoja, kuanzia barabara ya mlimani hadi ya ufukoni, vitazamwe kama mlolongo, na kazi ianze na cha chini kabisa. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa ndiyo yenye jukumu la kuutazama mto mzima, na ingefaa mhandisi wa barabara awe na desturi ya kubisha hodi kwao kabla ya kuchora.

Namna ya kufanya kazi yenyewe ina uzito sawa na mchoro. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na fukwe za maziwa, na kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira zinaipanga miradi kulingana na ukubwa wa athari zake. Kubadilisha kalavati moja ni kazi ndogo kwenye karatasi, kwa hiyo ni rahisi ipite bila jicho la mtu wa mazingira, nayo hufanyika katikati ya maji yenyewe. Mambo ya kuzingatia si ya gharama. Kazi ifanyike kiangazi, kati ya Julai na Oktoba, maji yakiwa machache. Kijito kichepushwe kwa viroba vya mchanga ili mafundi wachimbe pakavu, na samaki waliobaki kwenye dimbwi wahamishwe kwa ndoo kabla dimbwi halijakaushwa. Zege mbichi isiguse maji yanayotembea: maji yaliyopita juu yake yana ukali wa chokaa unaochoma matamvua, na kuoshea mashine ya kukorogea zege kijitoni kunaweza kuua samaki wa sehemu nzima ya chini. Kifusi kisitupwe kingoni. Kingo zilizokatwa zipandwe matete au nyasi kabla ya Novemba, kwani mvua ikizikuta tupu itazishusha zote mtoni.

Mtu anaweza kusema kwamba haya yote ni anasa ya nchi tajiri, na kwamba watu wa Kyela wanataka barabara kwanza, samaki baadaye. Nadhani anayesema hivyo hajazitazama sahani za Kyela. Mbasa na wenzake ni kitoweo na biashara ya watu walewale wanaoisubiri barabara, na barabara ya kwenda Ipinda na Matema husafirisha samaki kama inavyosafirisha mpunga. Hapa hakuna anayeombwa aikose barabara kwa ajili ya samaki. Kinachodaiwa ni bajeti ya mara moja iliyo kubwa kidogo, na fundi aliyebeba kamba ya kupimia.

Kwa hiyo ombi langu linawaendea madiwani wa Kyela na wananchi wanaohudhuria mikutano ya vijiji. Mchoro wa kalavati jipya unapoletwa mezani, tafuteni ilipoandikwa namba ya upana wa kijito wakati wa masika, na kina ambacho sakafu italazwa chini ya kitanda chake. Kama namba hizo hazipo, urudisheni mchoro kwa mhandisi, naye aende akapime.